Maswali ya Wasomaji: Nyutroni Tatu Zinazotenganisha Urani na Urani

Barua za wasomaji kuhusu urani zimekuwa nyingi, na si ajabu, kwa kuwa jina la Mto Mkuju, mahali penye mashapo ya urani, limezoeleka katika habari za Tanzania, na neno "kurutubisha", yaani kuiongeza ndani ya urani ile aina yake iliyo adimu na inayopasuka, halikauki katika habari za dunia. Nimechagua barua tano. Zimetoka mbali mbali na kila moja ina jambo lake, lakini nilipozisoma pamoja niliona kwamba zote, hata ile ya fundi mwashi wa Lamu ambaye huenda hakutegemea kujibiwa katika safu moja na migodi na mabomu, zinataka kwanza tuelewe kwamba ndani ya kipande kimoja cha urani zimo urani za namna zaidi ya moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari wilayani Namtumbo. Wanafunzi wangu wameniuliza: ikiwa urani-235 na urani-238 zote ni urani, tofauti yake ni nini, na kwa nini kuzitenganisha kunahitaji viwanda vikubwa hata mataifa yakatishiana vita? Nimewajibu kwa kadiri ya kitabu, lakini mimi mwenyewe sikuridhika na jibu langu.

JIBU: Mwalimu, una haki ya kutoridhika, kwa sababu vitabu vingi hutaja tarakimu hizo mbili na kupita. Kila atomu ya urani ina protoni 92 katika kiini chake, na idadi hiyo ndiyo inayoifanya iwe urani na si kitu kingine. Pamoja na protoni zimo nyutroni, chembe zisizo na chaji, na idadi ya nyutroni yaweza kutofautiana bila atomu kupoteza jina lake: yenye nyutroni 146 ni urani-238, na yenye nyutroni 143 ni urani-235. Atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa nyutroni tu huitwa isotopu, neno ambalo mwanakemia Mwingereza Frederick Soddy aliliingiza katika sayansi mwaka 1913. Katika urani inayochimbwa leo, iwe ya Namtumbo, ya Namibia au ya Kazakhstan, kwenye kila atomu 1,000 zimo 7 tu za urani-235, na zilizobaki karibu zote ni urani-238. Iko pia urani-234, iliyo chache mno, ambayo nitaifikia katika barua ya mwisho.

Wanafunzi wako wajue kwanza kwamba kemia ni shughuli ya elektroni, chembe zinazokizunguka kiini, na idadi ya elektroni hufuata idadi ya protoni. Asidi inayoyeyusha urani-235 huyeyusha na urani-238, na chumvi ya moja ina rangi ileile ya chumvi ya nyingine. Mkemia hodari anayejua kutenganisha dhahabu na shaba, ukimpa isotopu mbili za urani, hapati pa kushikia. Kinachobaki mkononi mwake ni uzito, nao unatofautiana kwa 3 katika 238, yaani asilimia 1 na kidogo. Anayepepeta mpunga kwenye ungo hufanikiwa kwa kuwa pumba ni nyepesi mno kuliko punje. Hebu wafikirie kazi ya kupepeta nafaka ambayo punje na pumba zimekaribiana uzito kiasi hicho, na katika kila punje 1,000 wanazitaka 7.

Ili atomu zipepetwe ni lazima ziwe huru, na ndiyo maana urani hugeuzwa kwanza kuwa gesi kwa kuunganishwa na florini. Gesi hiyo, heksafloridi ya urani, huwa mvuke kwenye joto la nyuzi 56 hivi tu za Selsiasi, jambo la bahati kwa metali ambayo yenyewe huhitaji zaidi ya nyuzi 1,100 ili iyeyuke. Tena florini ya asili ina isotopu moja pekee, kwa hiyo tofauti yoyote ya uzito kati ya molekuli mbili za gesi hiyo imetoka kwa urani. Kila ninapolifundisha jambo hili huniwia vigumu kuficha mshangao wangu, kwa maana kama florini ingekuwa na isotopu mbili au tatu, kazi yote ingevurugika.

Njia iliyotumika kwa wingi kwa miongo mingi ilikuwa kuisukuma gesi hiyo ipite kwenye viwambo vyenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Molekuli nyepesi hukimbia kwa kasi zaidi na hupenya mara nyingi zaidi, lakini, pamoja na florini yake, uzito wao ni 349 dhidi ya 352, na hesabu inaonyesha kwamba kasi zao zinatofautiana kwa takriban sehemu 4 katika 1,000. Ni kama wakimbiaji wawili ambao, mmoja akifika mwisho wa mita 1,000, mwenzake yuko nyuma yake kwa mita 4. Kiwambo kimoja hakifanyi lolote la maana, hivyo gesi ilipitishwa kwenye maelfu ya hatua, moja baada ya nyingine. Jengo la K-25 huko Oak Ridge, Tennessee, lililojengwa na Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili hiyo, lilikuwa na umbo la herufi U na kila upande ulikuwa na urefu wa karibu nusu maili. Jirani yake, katika kiwanda cha Y-12, walitumia njia ya mwanafizikia Ernest Lawrence ya kurusha atomu zenye chaji katikati ya sumaku kubwa, ambamo nyepesi hukata kona kali kuliko nzito. Shaba ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, basi nyaya za sumaku hizo zikatengenezwa kwa fedha halisi iliyoazimwa kutoka hazina ya serikali, zaidi ya tani 13,000, na baadaye ikarudishwa.

Leo kazi hiyo hufanywa na sentrifuji, mapipa marefu membamba yanayozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, gesi ikiwa ndani. Iliyo nzito husukumwa ukutani na iliyo nyepesi hubaki karibu na katikati. Aina iliyoenea ilitokana na kazi ya Mwaustria Gernot Zippe na wenzake, waliochukuliwa kwenda Umoja wa Kisovyeti baada ya vita na kuwekwa kwenye kazi hiyo huko. Uingereza, Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba mjini Almelo mwaka 1970 wa kuiendeleza pamoja, na kwa kuwa sentrifuji hutumia umeme mdogo mno ikilinganishwa na viwambo, viwanda vya viwambo vilikufa kimoja kimoja: cha Tricastin, Ufaransa, kilifungwa mwaka 2012, na cha Paducah, Marekani, mwaka 2013.

Hapo juu nimesema kana kwamba elektroni hazizioni nyutroni kabisa. Kwa uangalifu zaidi ningesema zinaziona kidogo sana: rangi ya mwanga ambayo atomu ya urani-235 huifyonza imesogea kwa kiasi hafifu mno kutoka rangi ya urani-238, na miali ya leza yaweza kulengwa kwenye tofauti hiyo. Australia ndiko njia mojawapo ya aina hii, SILEX, ilikobuniwa.

Na thamani ya hizo atomu 7 ni nini? Urani-235 ikigongwa na nyutroni inayokwenda polepole hupasuka, hutoa nishati nyingi, na hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu za kupasua jirani zake. Urani-238 huimeza nyutroni kama hiyo bila kupasuka. Mwanafizikia Niels Bohr alilikisia jambo hilo mwaka 1939, miezi michache baada ya Otto Hahn na Fritz Strassmann kugundua mpasuko huo na Lise Meitner na Otto Frisch kuueleza, na mwaka 1940 Alfred Nier wa Chuo Kikuu cha Minnesota alitenganisha chembe zisizotosha kuonekana kwa jicho, zikapimwa New York, ikathibitika kwamba Bohr alisema kweli.

Sasa swali la vita. Wape wanafunzi wako hesabu hii. Mtu ana atomu 1,000, 7 zikiwa za urani-235. Akitaka mafuta ya kinu cha kawaida cha umeme, yenye asilimia 4 ya urani-235, itambidi abaki na 175, yaani aondoe 825. Akitaka asilimia 20 atabaki na 35, na kwa hiyo ataondoa 140 zaidi. Kutoka hapo hadi asilimia 90, kiwango cha silaha, abaki na 8 hivi, anaondoa 27 tu. Sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika mwanzoni kabisa, kwenye kiwango ambacho kila mtu anakubali kuwa cha amani. Ndiyo sababu mkataba wa mwaka 2015 na Iran ulibishania tarakimu ndogo kama asilimia 3.67, na ndiyo sababu hofu ilizidi nchi hiyo ilipofikia asilimia 60 mwaka 2021. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huingia viwandani na vitambaa vya pamba, wakafuta vumbi kwenye mitambo, na chembe moja ya vumbi hilo, ikipimwa uwiano wa isotopu zake, hueleza kiwango kilichorutubishwa mahali pale.

SWALI: Bwana Mhariri, ninaandika kutoka Lubumbashi. Marehemu babu yangu alifanya kazi migodini upande wa Likasi, naye alitusimulia kwamba urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, tena ilikuwa "imerutubishwa na Mungu mwenyewe ardhini", ndiyo maana Wamarekani waliitaka. Je, alisema kweli?

JIBU: Babu yako alisema kweli kuhusu Shinkolobwe, na inafaa jambo hilo lisemwe mara nyingi kuliko linavyosemwa, kwa kuwa masimulizi ya bomu hilo huanza kwa kawaida katika maabara za Chicago au jangwa la New Mexico, na mikono iliyochimba Katanga haitajwi. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Marekani ilitoka Kongo. Mgodi wenyewe uligunduliwa mwaka 1915, ukachimbwa tangu miaka ya 1920 kwa ajili ya radiamu, metali yenye mionzi mikali, iliyosafishwa Olen nchini Ubelgiji na kuuzwa kwa bei ya ajabu kwa mahospitali. Urani ilikuwa mabaki yasiyo na soko kubwa. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni ya mgodi, Edgar Sengier, akihofia Wajerumani, alisafirisha tani zipatazo 1,200 za mawe hayo hadi Staten Island, New York, yakakaa ghalani. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikwenda ofisini kwake na akayanunua yote.

Lakini hapa kuna mambo mawili ambayo neno moja la utajiri huyachanganya, na nadhani ndipo simulizi la babu lilipoteleza. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri kwa maana ya mchimbaji: yale yaliyopelekwa New York yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha asilimia 65, jambo lisilo la kawaida kabisa, maana mgodi wa Rössing nchini Namibia umefanya kazi tangu mwaka 1976 kwa mwamba wenye urani chini ya sehemu 1 katika 1,000. Utajiri huo unahusu urani ni kiasi gani ndani ya jiwe. Kurutubisha kunahusu urani-235 ni kiasi gani ndani ya urani, na kwa hesabu hiyo jiwe la Shinkolobwe halikuwa na ziada yoyote: zilikuwa zilezile 7 katika 1,000. Ubora wa mgodi uliwaokolea Wamarekani kazi ya kuponda na kuosha mawe, haukuwaokolea hata kiwambo kimoja wala sumaku moja ya Oak Ridge. Bomu la Hiroshima lilibeba kilo 64 hivi za urani iliyorutubishwa kwa wastani wa asilimia 80, na ili zipatikane, maelfu ya watu walifanya kazi mchana na usiku, wengi wao wasichana waliomaliza shule karibuni, waliokaa mbele ya mitambo ya Y-12 wakigeuza vitasa bila kuambiwa wanatengeneza nini.

Wachimbaji wa Shinkolobwe nao hawakuambiwa. Baadaye, mgodi ulipokwisha kufungwa, watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono yao, mpaka amri ya rais ilipopiga marufuku mwaka 2004; mwezi Julai wa mwaka huohuo shimo liliporomoka likaua watu. Ikiwa yupo mzee katika ukoo wako aliyekuwako siku za babu na bado ana kumbukumbu, nakusihi mwandike anayosema.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Manyoni. Mwanangu ameleta nyumbani jiwe lenye ukoko wa njano, na jirani anasema ni urani, litatuua sote. Nifanye nini? Na je, madini haya yana faida yoyote zaidi ya mabomu na umeme?

JIBU: Mama, kwanza tulia. Mawe mengi ya njano ni ya kutu ya chuma tu, ingawa ni kweli kwamba katika mbuga za Manyoni na Bahi ipo urani isiyo mbali na uso wa ardhi, na madini yake mengine ni ya njano. Hata ikiwa ni urani, mionzi yake yenyewe ni ya aina ya alfa, isiyoweza kupenya ngozi wala karatasi. Madhara huja inapoingia mwilini, kwa vumbi au kwa chakula, na hapo figo huumia kwa sumu ya urani kama metali hata kabla hatujazungumzia mionzi. Vilevile urani iliyokaa muda mrefu katika jiwe huwa pamoja na vizazi vyake, ikiwamo gesi ya radoni, ambayo haifai kulimbikizwa katika chumba kilichofungwa. Basi jiwe lisipondwe, lisilambwe, lisikae chumba cha kulala. Liweke nje kwenye mkebe wenye mfuniko, watoto wanawe mikono, kisha toa taarifa kwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, wenye vipimo.

Faida ipo, na huenda ndugu yako ameipata bila kujua. Vinu vya utafiti kama SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, hupasua urani-235 ili kupata molibdeni-99, ambayo huzaa tekneti-99m, dawa inayodungwa kwenye mshipa ili madaktari waone mifupa, moyo au tezi ikifanya kazi. Nusu ya tekneti hiyo hutoweka kila baada ya saa 6, kwa hiyo mgonjwa habaki nayo. Jirani na Pelindaba hiyohiyo ndipo utawala wa ubaguzi wa rangi uliporutubisha urani ya mabomu sita, yaliyokuja kuvunjwa yote. Nimefurahi sana kwamba jina hilo sasa ni la mkataba unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, unaotumika tangu mwaka 2009.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo, Bujumbura. Kuna video inayosambazwa ikidai kwamba huko Gabon kilipatikana kinu cha nyuklia kilichojengwa na watu wa kale waliotutangulia kwa maarifa. Wenzangu wamegawanyika. Ukweli ni upi?

JIBU: Kinu kilikuwako, na hakikujengwa na mtu yeyote. Naomba uwaeleze wenzako kisa chenyewe, kwa sababu ni cha kustaajabisha kuliko video.

Mwaka 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte nchini Ufaransa, mpimaji mmoja alikuwa akikagua urani iliyotoka mgodi wa Oklo, kusini mashariki mwa Gabon. Badala ya asilimia 0.7202 ya urani-235, kipimo kilisema 0.7171. Upungufu huo ni atomu 3 katika kila 100,000, na mtu mvivu angeusingizia mtambo. Lakini uwiano wa isotopu hizi ni uleule popote ulipopimwa, katika miamba ya mabara yote, katika vimondo, hata katika mawe yaliyoletwa kutoka mwezini, na katika kiwanda cha kurutubisha urani upungufu wowote maana yake ni kwamba kuna urani-235 iliyopotea na haijulikani imekwenda wapi. Walifuatilia mzigo hatua kwa hatua hadi mgodini, wakakuta sehemu ambazo kiwango kilishuka hadi asilimia 0.44. Ndani ya mwamba zilikuwamo isotopu za elementi ya neodimi kwa uwiano ambao haupatikani mahali pengine isipokuwa kwenye mafuta yaliyotumika kinuni. Urani-235 ya Oklo ilikuwa imepasuka.

Ili uelewe ilivyowezekana, rudi kwenye saa mbili zilizomo ndani ya urani. Kila isotopu yake huoza kwa mwendo wake: nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47, na nusu ya urani-235 kwa miaka milioni 704. Ya pili inaisha upesi, na kwa hiyo ukirudi nyuma katika wakati unaikuta ikiwa nyingi zaidi. Dunia ilipozaliwa ilikuwa karibu robo ya urani yote. Miaka bilioni 2 hivi iliyopita, mawe ya Oklo yalipokuwa yakikusanya urani yake, ilikuwa zaidi ya asilimia 3, kiwango ambacho wahandisi wa leo hukifikia kwa sentrifuji. Maji yalipenya katika mwamba, yakazipunguza mwendo nyutroni kama yafanyavyo katika vinu vyetu, na mpasuko ukaanza. Maji yalipochemka na kutoka, ukakoma. Mwamba ulipopoa yakarudi. Watafiti waliopima gesi ya zenoni iliyonaswa katika punje za madini ya Oklo walikadiria kwamba mzunguko ulikuwa wa nusu saa ya kuwaka na saa mbili na nusu za kupumzika, na hali hiyo iliendelea kwa muda wa mamia ya maelfu ya miaka.

Mwanakemia Mjapani aliyefanya kazi Marekani, Paul Kuroda, alikuwa ameandika mwaka 1956 kwamba jambo kama hilo lawezekana na akataja masharti yake. Hakuna sharti lililohitaji binadamu, na wakati ule uhai wote duniani ulikuwa bado wa viumbe vidogo vya majini. Kinachowavutia wahandisi hadi leo ni kwamba mabaki mengi ya mpasuko ule, pamoja na plutoni iliyozaliwa humo, hayakusogea zaidi ya mita chache katika kipindi chote hicho, ushahidi wa thamani kwa nchi zinazotafuta mahali pa kufukia taka za vinu vyao. Sikia tena wanaposema Afrika haina historia ya nyuklia.

SWALI: Assalaam alaykum Mhariri. Mimi ni fundi mwashi, Lamu. Mawe tunayojengea hutoka Maweni, kisiwani Manda, na mara nyingi nikilipasua jiwe naona ndani yake matumbawe na makombe, ilhali yamechimbwa nchi kavu. Mgeni mmoja aliniambia kwamba umri wa mawe ya aina hii hupimwa kwa urani. Nauliza: urani imeingiaje humo, na je, nyumba zetu zina madhara?

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Barua yako nimeifurahia kuliko zote, na mgeni wako alikuambia sawa.

Maji ya bahari yana urani iliyoyeyuka, mikrogramu 3 na kidogo kwa kila lita. Tumbawe likijijenga hulichukua chokaa kutoka majini na urani kidogo pamoja nayo, kiasi cha sehemu 3 katika milioni. Kiasi hicho kinalingana na cha udongo na mawe ya kawaida, kwa hiyo watu wa Lamu waendelee kulala salama katika nyumba za mababu zao. Thori, elementi nyingine yenye mionzi, haiyeyuki katika maji ya bahari, na hivyo tumbawe changa huanza maisha bila thori. Sasa urani-238 huoza na hatimaye kuzaa urani-234, na urani-234 huzaa thori-230. Thori yoyote ya namna hiyo utakayoikuta ndani ya tumbawe la kale imezaliwa humohumo, na ukilinganisha kiasi chake na urani iliyoizaa unapata miaka iliyopita tangu tumbawe lilipokuwa hai. Saa hii inafaa hadi kufikia miaka nusu milioni hivi; zaidi ya hapo kuzaliwa na kuoza kwa thori hulingana, na mshale husimama.

Urani-234 inaongeza uthibitisho wa pili. Katika maji ya bahari inazidi kiwango ambacho urani-238 peke yake ingekihalalisha, kwa karibu asilimia 15, kwa kuwa kiini kinapooza ndani ya jiwe hurusha atomu na kuilegeza mahali pake, na mvua huiosha kuipeleka baharini kwa urahisi kuliko wenzake. Tumbawe linapokufa hubeba ziada hiyo, nayo hupungua kwa mwendo unaojulikana. Thori ikisema umri mmoja na ziada ya urani-234 ikisema umri mwingine, mpimaji huliweka jiwe kando. Wanajiolojia wanaopima miamba ya kale hutumia busara hiyohiyo kwa urani na metali ya risasi: ndani ya punje ya madini ya zirkoni urani-238 inageuka risasi-206 na urani-235 inageuka risasi-207, na saa hizo mbili hukaguana. Kwa njia hiyo tunajua kwamba moyo wa nchi kavu ya Tanzania ni mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwa uwiano wa isotopu za risasi katika vimondo mwanasayansi Clair Patterson alipata mwaka 1956 umri wa Dunia, miaka bilioni 4.55.

Miamba ya matumbawe ya pwani yetu ni ya juzi ukilinganisha. Sehemu yake kubwa iliyoinuka juu ya maji huhusishwa na kipindi cha joto cha miaka takriban 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, tumbawe likabaki nchi kavu, na ndilo mnalolikata kwa shoka na tezo.

Kama siku moja mtafiti atafika kwako kuomba jiwe la kupima, usimpe lile jeupe linalong'aa ndani kama sukari, kwa kuwa maji ya mvua yamekwisha kuligeuza na urani yake imeingia na kutoka. Mchagulie zito, lenye vijumba vya tumbawe ambavyo bado vina kuta nyembamba na makali yake, na umwoneshe lilitoka kina gani cha machimbo.